Jina kwenye kisanduku cha barua: siku 73 za mwanafunzi wa Kitanzania Ujerumani

Mtoto wa kaka yangu alitua Ujerumani jioni ya Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 2023, akiwa na euro 900 mfukoni na euro 11,208 katika akaunti ambayo hakuweza kuigusa. Senti ya kwanza kutoka katika akaunti hiyo ilimfikia tarehe 19 Desemba. Hizo ni siku 73. Ndani ya siku hizo alitapeliwa, alilala sakafuni kwa mwenzake siku 25, alilimbikiza deni la bima la miezi mitatu, na watu wa nyumbani waliendelea kuamini kwamba mambo yake yako sawa.

Ameniruhusu kukisimulia kisa hiki kwa sharti moja: jina lake na la mji anakosoma nisiyataje. Nakiandika kwa sababu kila mwaka, kuanzia Mei hadi Septemba, napigiwa simu na wazazi wa Njombe, Iringa na Mbeya ambao watoto wao wamepata vyuo huku. Wananiuliza habari za ada, viza na nguo za baridi. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za anwani, na mimi sikuwahi kuwaambia, kwa maana sikuwa najua. Nilikuja mwaka 2012 kulea watoto katika familia ya Kijerumani. Mama wa nyumba alinipeleka kusajiliwa siku ya tatu na akabandika jina langu chini ya lao kwenye kisanduku cha barua. Nikaishi miaka kumi na moja nikidhani kila mgeni hupokewa hivyo.

Fedha zilivyopatikana

Sheria ya Ujerumani inamtaka mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya aonyeshe, kabla hajapewa viza, kwamba ana fedha za kumtosha mwaka mzima. Njia inayotumiwa na wengi wetu ni akaunti iliyofungwa, wenyewe wanaiita Sperrkonto. Mwaka 2023 kiwango kilikuwa euro 934 kwa mwezi, yaani 11,208 kwa mwaka. Unaziweka zote, unapewa hati, hati unaipeleka ubalozini. Ukishafika na kufungua akaunti ya kawaida katika benki ya huku, wanakuachia 934 kila mwezi mpaka ziishe.

Kwa shilingi zilikuwa karibu milioni 30. Kaka yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Aliuza ekari mbili za mipaini ambayo haijafikia umri wa kuvunwa, na kila mtu wa Njombe anajua hasara ya kuuza mti ungali mchanga. Alikopa kwenye SACCOS ya walimu. Kwaya ya usharika ilichanga, ukoo ulichanga, mimi nilichanga. Mwaka ule fedha za kigeni zilikuwa adimu Tanzania, kwa hiyo hata zilipotimia, benki ilizituma kwa mafungu matatu, kila fungu na wiki zake za kusubiri.

Ninayo picha ya karatasi ya mistari ambayo kaka aliandikia bajeti. Kuna ada ya kuomba vyuo kupitia uni-assist, shirika linalopokea maombi hayo, euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kingine. Kuna viza, euro 75. Kuna nauli, bima ya safari, koti, viatu, mchango wa muhula wa kwanza. Chini kabisa ameandika kwa herufi kubwa AKAUNTI na kuipigia mstari mara mbili. Ni bajeti ya mtu makini. Kitu pekee ambacho hakimo ni fedha za kuishi kati ya uwanja wa ndege na siku akaunti itakapofunguka. Hatukujua kama kuna kipindi hicho. Sote tuliifikiria ile AKAUNTI kama mfuko wa suruali.

Karatasi zinazoombana

Alifikia kwenye hosteli ya wasafiri, usiku mmoja euro 29, akalipia siku kumi. Jumapili karibu maduka yote yalifungwa, kama ilivyo kawaida ya Jumapili nchi hii, akala mkate wa kituo cha treni. Jumatatu asubuhi alianza kazi ya kufuatilia karatasi.

Alikwenda benki na pasi, viza na barua ya chuo. Wakamwomba cheti cha usajili wa makazi. Akajaribu zile benki za kwenye simu ambazo unajitambulisha kwa video. Programu ikaikataa pasi yake. Akaenda ofisi ya usajili. Wakamwomba karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba amehamia kweli, Wohnungsgeberbestätigung kwa jina lake refu. Tangu Novemba 2015 mtu hasajiliwi bila hiyo, na hosteli aliyofikia ilikataa kuitoa. Akatafuta chumba. Wenye vyumba wakamwomba uthibitisho wa kipato, ripoti ya madeni inayoitwa Schufa, na amana, ambayo sheria inaruhusu ifike hata kodi ya miezi mitatu. Ripoti ya madeni haisemi lolote juu ya mtu aliyefika juzi. Kipato chake kilikuwa kwenye akaunti iliyofungwa. Amana nayo ilikuwa humo humo.

Hapo ndipo penye kisa chote. Benki inataka usajili, usajili unataka chumba, chumba kinataka fedha, fedha zinasubiri benki. Kila ofisi, ukiisikiliza peke yake, ina sababu yake ya maana. Ukizipanga kwa mduara, mgeni hana pa kuingilia.

Chumba cha hosteli za wanafunzi alikuwa ameomba Julai, wiki ile ile aliyopata barua ya chuo. Jibu lilisema yuko kwenye foleni na atarajie nafasi majira ya kuchipua. Hosteli hizo zina kodi nafuu na karatasi ya usajili zinatoa bila swali, ndiyo maana foleni yake ni ndefu. Vyumba vilivyopo havimtoshi hata mwanafunzi mmoja kati ya watano nchini. Na muhula wa baridi unaanza Oktoba kwa wote, wenyeji na wageni, kwa hiyo mwezi huo mji mzima unatafuta kitanda.

Nimefikiri sana kwa nini jambo hili lilimkuta mikono mitupu, kijana mwenye shahada ya uhandisi wa maji. Kwetu nako karatasi zinaombana. Ukitaka kitambulisho cha taifa utaambiwa ulete barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na mwenyekiti atakuuliza unakaa kwa nani. Lakini pale mlangoni yupo mtu. Anamjua baba yako, na ukipungukiwa karatasi moja atakwambia uje kesho na shahidi. Huku huingii bila miadi, wanaita Termin, na miadi inachukuliwa mtandaoni, na mtandaoni nafasi zimejaa kwa wiki tano. Huwezi kumweleza mtu shida yako kabla hujapata siku ya kuonana naye.

Anwani yenyewe kwetu ni kitu cha namna nyingine. Fomu zote za kijana huyu tangu shule ya msingi zimeandikwa S.L.P. ya shule anayofundisha baba yake. Barua ilimfikia mwalimu mkuu, kisha baba, kisha yeye. Vibao vya namba za nyumba vilifika kwao mwaka 2022, wakati wa operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa ya Agosti, na sijamsikia mtu wa kule aliyewahi kupokea barua kwa kibao hicho. Alikuwa na miaka 29 na hakuwahi hata siku moja kufuatwa na barua mpaka mlangoni. Huku barua ndiyo mtu mwenyewe. Namba ya kodi inakuja kwa posta. Kadi ya benki inakuja kwa posta, na namba yake ya siri inakuja siku nyingine kwa bahasha nyingine, kwa posta. Kadi ya bima, tarehe ya miadi, onyo la deni, vyote posta.

Chumba cha mtu aliye Uhispania

Siku ya saba aliona tangazo mtandaoni. Chumba kizuri, dirisha kubwa, euro 280 pamoja na maji na joto, umbali wa kutembea hadi chuoni. Mwenye chumba aliandika kwa upole kwamba yuko Uhispania kikazi na hawezi kuja kuonyesha nyumba, lakini atatuma ufunguo kwa mzigo wa haraka akishapokea amana. Alituma hata picha ya kitambulisho chake. Aliandika, bila kuulizwa, kwamba karatasi ya usajili ataisaini siku hiyo hiyo.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomnasa. Hakutamani dirisha kubwa. Alikuwa amehesabu: karatasi Jumatano, usajili Ijumaa, benki Jumatatu, fedha wiki inayofuata. Jumatatu tarehe 16 alikwenda kwenye dirisha la kutuma fedha karibu na kituo cha treni, kwa kuwa hakuwa na akaunti, akatuma euro 400. Jumanne asubuhi akaombwa 300 zaidi, eti bima ya ufunguo. Hapo akaelewa. Alibakiwa na euro 74.

Utapeli wa aina hii ni wa zamani, na dalili zake hazibadiliki: mwenye nyumba yuko nchi nyingine, nyumba huioni kwa macho, fedha zinatangulia ufunguo. Alitoa taarifa polisi wiki kadhaa baadaye, akapewa namba ya jalada. Fedha hazikurudi. Ningependa msomaji aone mahali mtego ulipowekwa. Tapeli yule alijua kwamba mgeni wa Oktoba ana njaa ya karatasi kuliko ya chumba. Wapo na wengine wanaouza usajili mtupu, yaani unalipa mamia ya euro uandikishwe kwenye nyumba ambayo hulali. Hilo ni kosa la kisheria, na kwa anayetoa anwani ya uongo faini inaweza kufika euro 50,000. Mwanafunzi mwenye viza asiliguse kabisa.

"Nimetulia, namshukuru Mungu"

Jumanne hiyo hiyo siku zake za hosteli ziliisha. Mwanafunzi mmoja wa Kikameruni waliyejuana naye kwenye mafunzo ya wiki ya kwanza alimkaribisha chumbani kwake, hosteli ya chuo, mita za mraba 14. Akatandika mkeka wa mazoezi kati ya kitanda na meza. Kanuni za jengo zinaruhusu mgeni wa siku chache tu, kwa hiyo alikuwa anatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Mchana alishinda maktaba. Chakula kilikuwa cha kantini ya chuo, mara moja kwa siku.

Kikundi cha WhatsApp cha wachangiaji kilikuwa na watu zaidi ya sitini na hakikuvunjwa baada ya safari. Kila asubuhi kulikuwa na salamu na swali tunalomuuliza kila msafiri: umetulia? Naye alijibu, "Nimetulia, namshukuru Mungu." Alituma picha yake mbele ya kanisa la kale katikati ya mji. Mwenyekiti wa kwaya akamjibu kwa zaburi. Nimezirudia jumbe zile mara nyingi. Hakuna mtu aliyemkosea pale, wote walimpenda. Lakini kwa kijana aliyejua ekari mbili za baba yake zimekwenda wapi, swali la umetulia lilikuwa na jibu moja tu.

Mimi naishi magharibi, saa tano na nusu kwa treni. Mwishoni mwa Oktoba saa zilirudishwa nyuma na giza likaanza kuingia mapema, nikakumbuka koti. Nilimnunulia koti zito na soksi za sufu, nikaziweka kwenye boksi pamoja na kilo mbili za unga na chai ya Mufindi, nikatuma kwa anwani aliyonipa. Baada ya siku chache boksi lilirudi kwangu likiwa na kibandiko kinachosema mpokeaji hakupatikana kwenye anwani hiyo.

Nilimpigia. "Shikamoo shangazi." Nikamwambia, "Marahaba. Baba, mzigo umerudi. Wanasema hupo."

Alinyamaza muda mrefu, kisha akanisimulia yote.

Mlango uliofunguka

Jumamosi tarehe 4 Novemba nilikuwa kwake. Nilikwenda na hasira, nilipomwona ikaisha. Mkanda wake ulikuwa umeongezwa tundu kwa msumari. Nilimpa euro 500 na tukakaa kwenye mkahawa wa kituo cha treni, tukapanga karatasi zote mezani.

Jambo la kwanza lililomtesa lilikuwa hofu isiyo na msingi. Aliambiwa usajili ni ndani ya siku 14, na kwa kuwa alikuwa na siku 28 nchini aliamini tayari ana kosa, labda viza itafutwa. Kwa sababu hiyo alikwepa hata kuuliza ofisini. Siku 14 za sheria zinahesabiwa tangu kuhamia kwenye makazi, hazihesabiwi tangu kushuka kwenye ndege. Kwa kuwa hakuwa amehamia popote, hesabu yake haikuwa imeanza. Nilipomsomea kifungu kile alilia, mara ya kwanza tangu afike.

Jambo la pili ndilo lililofungua mlango. Sote tulidhani karatasi ya makazi lazima isainiwe na mmiliki wa nyumba. Sheria inasema mtoaji wa makazi, na mpangaji mkuu anayekupangisha chumba chake kwa ruhusa ya mwenye nyumba ni mtoaji wa makazi. Tafsiri yake ni kwamba huhitaji kumridhisha kampuni au mzee mwenye jengo anayetaka ripoti ya madeni. Unahitaji kumridhisha mwanafunzi mwenzako anayekwenda mafunzo ya vitendo kwa miezi mitano na hataki kupoteza chumba. Wanaita Zwischenmiete, upangaji wa katikati. Matangazo hayo yamejaa kwenye mbao za chuo, na neno la kutafuta ni Anmeldung möglich, usajili unawezekana. Mara nyingi wanaofanya hivi hawaombi zaidi ya kodi ya mwezi mmoja.

Aliyetuelekeza ni mshauri wa masuala ya kijamii katika shirika la huduma za wanafunzi. Miji mingi ya vyuo ina ofisi ya namna hiyo, haina malipo, na ile ya kwao ilikuwa na saa za kupokea watu bila miadi. Kijana alikuwa amepita mbele ya mlango huo kila siku kwa mwezi mzima akienda kantini. Alidhani ni ofisi ya wenye matatizo ya akili, na akaona aibu.

Jumanne aliona chumba kwa macho, kwenye nyumba ya wanafunzi watatu, euro 260 pamoja na joto. Jumamosi tarehe 11 akahamia. Chumba hakikuwa na taa ya dari, nyaya tu zilizoning'inia, jambo la kawaida huku. Watu huhama na taa zao, wengine hata na jiko. Tarehe 23 Novemba, baada ya kuamka alfajiri siku nne mfululizo kuvizia miadi iliyoachwa na mwingine, alisajiliwa. Ilimchukua dakika kumi.

Katika fomu ya usajili kuna swali la dini. Akajaza evangelisch kwa moyo mkunjufu, maana amezaliwa KKKT na amekulia kwaya. Sina neno juu ya hilo, ni ungamo lake. Lakini kila Mlutheri na Mkatoliki anayetoka kwetu ajue kwamba jibu hilo linapelekwa idara ya kodi, na siku ukianza kulipa kodi ya mapato, kanisa la huku litachukua asilimia 9 ya kodi hiyo, au 8 ukiwa Bavaria na Baden-Württemberg. Kwa kibarua cha mwanafunzi kiasi hicho huwa ni sifuri. Baadaye si sifuri. Afadhali mtu aamue akijua.

Jina lisilotambulika

Hapo nilidhani tumemaliza. Tarehe 24 Novemba alifungua akaunti benki, akaambiwa kadi na namba ya siri vitamfikia ndani ya siku saba. Siku saba zikapita, kumi zikapita. Namba ya kodi haikuja. Kadi ya bima haikuja. Kisha benki ikaizuia akaunti kwa kuwa barua zake zilirudi, na malipo ya kwanza kutoka kwenye akaunti iliyofungwa yakagonga mwamba.

Nilirudi kwake tarehe 9 Desemba. Safari hii sikupanda ngazi kwanza, nilisimama mbele ya visanduku vya barua. Majengo ya huku hayana namba za vyumba kwenye anwani. Mtu wa posta anatafuta jina. Mwenzake wa nyumba, kwa wema kabisa, alikuwa amebandika utepe wenye jina analomwita, jina lake la ubatizo. Barua zote zilikuja kwa jina la babu, ambalo ndilo limeandikwa kwenye pasi kama jina la ukoo. Mtu wa posta aliona jina la babu, akatazama visanduku vyote, hakuliona, akarudisha.

Kwetu mtu ana majina matatu: lake, la baba, la babu, na unaitwa kwa la kwanza mpaka unazeeka. Huku la kwanza ni la marafiki, na mbele ya serikali, benki na posta wewe ni lile la mwisho. Kijana hakuwahi kuitwa kwa jina la babu yake na mtu yeyote aliye hai. Tuliandika jina hilo kwa kalamu nene kwenye karatasi, tukaifunika kwa utepe wa plastiki, tukaibandika kwenye kisanduku na kwenye kengele. Benki ikatuma barua upya. Tarehe 19 Desemba, Jumanne, euro 934 zikaingia.

Zilikwisha wiki hiyo hiyo. Bima ya afya ya mwanafunzi ilikuwa karibu euro 130 kwa mwezi na inahesabiwa tangu 1 Oktoba hata kama hujawahi kuugua, kwa hiyo alidaiwa karibu 390 na ada ya kuchelewa. Kodi ya chumba 260. Mimi nilimkatalia kunilipa. Januari ikaja barua ya mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, ambayo kila nyumba hulipa hata isipokuwa na televisheni. Akataka kuitupa. Jibu sahihi lilikuwa kuwaandikia namba ya mchango ya mpangaji mwenzake, maana nyumba moja hulipa mara moja tu, na deni likafutwa. Viza yake iliisha Januari kabla ya miadi ya ofisi ya wageni kufika, lakini ombi alikuwa amelipeleka kabla ya viza kuisha, akapewa hati ya muda. Haya ni madogo kwa mtu mwenye anwani. Barua inakuja, unaisoma, unaijibu.

Ningeishika tena ile karatasi ya mistari ya kaka, ningeongeza mstari mmoja juu ya AKAUNTI: euro 2,000 zinazogusika, kwenye kadi ya benki ya Tanzania inayofanya kazi nje, kwa miezi miwili ya kwanza. Najua ni zaidi ya milioni tano, na najua familia ilikuwa imekamuliwa. Hata hivyo ningesema tuahirishe safari muhula mmoja kuliko kumtuma na 900. Na ningetaka afike mapema Septemba, kabla ya umati, kama viza ingetoka kwa wakati. Zaidi ya yote ningemtafutia chumba cha katikati tangu Julai, kwa mtu anayeonekana, mimi mwenyewe nikienda kukitazama. Saa tano na nusu za treni si kitu. Nilizitumia Novemba, zingefaa zaidi Agosti.

Wazazi wengine wananiambia mtoto wao ataenda masomo ya uzamili akiwa na miaka 31 au 33. Hao wana hesabu ya ziada. Bei ya mwanafunzi ya bima ya serikali inakoma mwisho wa muhula unaotimiza miaka 30. Wetu alitimiza Februari 2024. Kuanzia 1 Aprili bima yake ikapanda ikapita euro 220. Kwenye 934 hilo ni pengo kubwa. Anayefika akiwa amekwisha vuka 30 hana haki ya moja kwa moja ya bima ya serikali, na akijikatia bima ya bei rahisi ya wasafiri huenda ofisi ya wageni isiitambue. Aulize kabla ya kupanda ndege.

Februari 2024 alianza kazi ghalani siku mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nane kila siku, kwa kima cha chini cha mwaka huo, euro 12.41 kwa saa. Sheria ya Machi 2024 inamruhusu siku 140 kamili kwa mwaka, zamani zilikuwa 120, kwa hiyo siku zake 104 ziko salama. Kwa kiwango hicho alipata yapata 860 kwa mwezi kabla ya makato. Masomo hayajaharibika.

Kibali chake cha kuishi kilitolewa hadi mwisho wa Septemba 2024, sawasawa na urefu wa fedha zake. Kukiongeza anatakiwa athibitishe fedha za mwaka wa pili, jambo ambalo wachangiaji hawalijui, wala kaka hakulijua mpaka nilipompigia. Na kiwango kilipanda: kuanzia Septemba 2024 kikawa euro 992 kwa mwezi, 11,904 kwa mwaka. Mshahara wake unahesabika, ila haufiki.

Kaka aliniuliza mipaini iliyobaki ni ya umri gani, kana kwamba mimi ndiye niliyeipanda. Ni ya miaka mitano. Nikamwambia aiache. Ipo hati ambayo ndugu aishiye huku anaweza kuisaini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, akijifunga kisheria kubeba gharama za mwanafunzi. Inaitwa Verpflichtungserklärung na ada yake ni euro 29. Mwaka 2023 nilikuwa na kazi ya nusu siku na wangenikatalia. Sasa nina mkataba kamili. Nimechukua Termin, alfajiri kama alivyonifundisha yeye, na hati zangu za mshahara za miezi sita ziko kwenye bahasha mezani.